Nani aliikarabati Forodhani?
Si Manispaa. Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture (shirika la Aga Khan la mambo ya utamaduni) kwa makubaliano na Serikali ya Zanzibar, ikafunguliwa tena 2009. Wala haikuwa kupaka rangi tu: ukuta wa bahari uliokuwa ukiliwa na maji ulitengenezwa, zikawekwa taa, mifereji na sehemu ya watoto kuchezea. Kilichoiokoa hasa, kwa maoni yangu, ni wauza urojo, mishikaki na zanzibar pizza kurudishwa humo humo na kupangiwa eneo lao. Ndiyo maana jioni wenyeji wanajaa, si watalii peke yao. Ila Beit al Ajaib, lile jumba la kihistoria la hapo mbele, lililoporomoka sehemu yake mwaka 2020, ni habari nyingine, msichanganye.