Re: Viongozi kukosa aibu, shida ni sheria au watu?

Mkuu umeuliza viongozi wetu kukosa aibu ni sheria dhaifu au watu wameharibika. Mimi naona msingi tuliubomoa wenyewe. Azimio la Arusha 1967, lile tamko la ujamaa hapa Tanzania, lilimbana kiongozi kweli kweli, asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, na wapo waliokwepa ila angalau walijificha. Sasa tatizo mlinzi wa masharti yale alikuwa chama tawala chenyewe (TANU, baadaye CCM), na chama kilikuwa kimoja tu, ndo maana Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilipokaa Zanzibar ikayalegeza hakukuwa na mtu wa nje wa kuizuia, mwananchi hata hakupiga kura. Sheria ya maadili ya 1995 inamtaka kiongozi ajaze fomu ya mali na madeni, nyumba, mashamba, hisa, pesa benki. Yaani tumetoka kwenye "usiwe nazo" tukaja kwenye "tuambie unazo ngapi", na hapo anaambiwa nani? Huku kwetu sijakutana na mtu aliyewahi kuiona fomu ya mbunge wake, na hilo linaniuma kuliko hata wizi wenyewe.