Maswali na majibu: Je, Amin alikuwa na haki ya kihistoria juu ya Kagera?

SWALI: Nafundisha Historia sekondari. Tulipofika vita vya Kagera, vya Uganda na Tanzania mwaka 1978-79, mwanafunzi mmoja alisema kwamba mwaka 1976 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alidai sehemu ya Kenya, na kwamba sehemu hiyo kweli iliwahi kuwa Uganda. Akauliza: kama ni kweli, kosa lake lilikuwa nini? Mwingine akaongeza kwamba Saddam na Putin nao walitaja historia. Kuna njia ya kupima madai ya aina hii, au kila taifa huvutia kwake tu?

JIBU: Mwanafunzi wako wa kwanza amesoma vizuri, Mwalimu, kwa hiyo usimkatishe. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902, eneo lote kuanzia Naivasha hadi Kisumu liliitwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo London ililihamishia kwenye himaya jirani ya Waingereza ambayo baadaye ikawa Kenya. Sababu ilikuwa reli. Ilikuwa imefika Ziwa Victoria Desemba 1901, na Waingereza hawakutaka njia moja iendeshwe na serikali mbili. Mwaka 1926 Jimbo la Rudolf, yaani upande wa Turkana, nalo likahamishwa. Kwa hiyo Februari 1976 Amin alipotangaza kwamba ardhi ya Uganda ilifika karibu na Nairobi, hakuwa ameokota jambo hilo barabarani.

Hapo ndipo walimu wengi hukwama, kwa sababu tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba dikteta hudanganya. Hadanganyi kila mara. Mara nyingi huchukua jambo la kweli, akachagua mwaka mmoja unaomfaa, kisha akaruka kutoka "palikuwa petu" hadi "ni petu". Mruko huo ndio wa kupima.

Anza na mwaka. Mwulize mwanafunzi: kwa nini 1901, na si 1891? Himaya ya Uganda ilitangazwa 1894. Kabla ya hapo Naivasha, Nandi na Kavirondo (upande wa ziwani) hazikutawaliwa na mtu yeyote kutoka Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, wala Kampala. Walikuwepo Wamaasai, Wanandi, Waluo na Waluhya na mambo yao. Jimbo lile lilikaa Uganda kwa muda usiofika miaka kumi, na aliyeliweka huko ni yuleyule aliyeliondoa. Kama London haikuwa na haki ya kuligawa, basi hata kulitia Uganda haikuwa na haki, na dai zima linabaki bila mguu.

Kisha geuza hoja uone inamwangukia nani. Kanuni ikiwa "kilichokuwa chini ya utawala wetu wa zamani kirudi", ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, pamoja na Mombasa na Lamu, ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963. Hiyo ni miaka sitini baada ya mwaka aliouchagua Amin. Kwa hiyo Tanzania ingeweza kudai Mombasa. Ingeweza kudai hata Kigali na Bujumbura, maana Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwanafunzi akiliona hilo kwenye ramani hahitaji hotuba.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote kisheria, na ndiyo inayosahaulika: tafuta saini za baadaye. Nchi inayodai ilitia sahihi nini baada ya ule mwaka inaoutaja? Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962 ikiwa na mipaka inayojulikana. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku kila nchi ilipopata uhuru. Somalia na Morocco hazikukubali. Uganda haikuwa miongoni mwa waliokataa. Viongozi wale hawakusema mipaka ile ni ya haki. Walijua imekata koo na malisho. Walihofia tu kwamba ukifungua mmoja, yote itafunguka. Aliyeuona uzito wake mapema ni Nyerere, ambaye ujumbe wake ndio uliopeleka hoja hiyo Cairo.

Sasa Kagera yenyewe. Hapa hata ule ukweli nusu haupo. Mpaka uliwekwa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, na unafuata nyuzi 1 kusini mwa Ikweta kutoka ziwani kwenda magharibi. Mto Kagera haufuati mstari huo. Ukitoka magharibi unashuka kusini mwa mstari, unapita Kyaka, kisha unapanda tena kaskazini na kuingia ziwani upande wa Uganda. Katikati ya mto na mstari panabaki kipande cha takribani kilomita za mraba 1,800, Mutukula ikiwa ukingoni. Kipande hicho kilikuwa cha Wajerumani, kikawa cha Tanganyika chini ya Waingereza, kikabaki Tanganyika mwaka 1961. Amin alikitaka kwa sababu mto ni mpaka rahisi kuulinda. Hiyo ni sababu ya kijeshi iliyovalishwa kanzu ya historia.

Ushahidi mzuri zaidi ni kwamba sababu zake zenyewe hazikupatana. Oktoba 1978 redio yake ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda. Tarehe 1 Novemba ikatangaza kwamba eneo lote hadi mtoni sasa ni la Uganda. Kama ulikuwa unajihami, kwa nini unachukua ardhi? Na kama ardhi ilikuwa yako tangu zamani, kwa nini ulihitaji kisingizio cha kuvamiwa? Kila ukiona kiongozi anatoa sababu mbili ambazo kila moja inaifanya nyingine isiwe na kazi, andika zote mbili ubaoni na tarehe zake.

Tazama pia wakati. Mwaka 1978 bei ya kahawa, tegemeo la Uganda, ilikuwa imeshuka. Oktoba Marekani ikapiga marufuku kununua kahawa yake. Na jeshini askari walikuwa wanaasi. Mpaka wa 1890 ulikuwa umekaa pale miaka 88. Ulivunjwa mambo yalipoharibika nyumbani.

Pitisha hatua hizohizo kwa Saddam Hussein. Alivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na kabla mwezi haujaisha akaiita jimbo la 19 la Iraq. Hoja yake: chini ya Dola ya Uthmania, Kuwait ilihesabiwa ndani ya Basra. Kuna chembe ya ukweli. Lakini Iraq kama nchi ilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikautambua mpaka na Kuwait kwa barua mwaka 1932, ilipokuwa inataka kuingia Shirikisho la Mataifa, na tarehe 4 Oktoba 1963 ikaitambua Kuwait kuwa nchi huru. Wakati nao? Alikuwa ametoka kwenye vita vya miaka minane na Iran, madeni yamemlemea, na Kuwait ni mmoja wa waliokuwa wanamdai.

Kwa Putin, hatua ya saini inatosha. Julai 2021 alichapisha makala ndefu kuhusu umoja wa Warusi na Waukraine. Februari 2022 akavamia. Lakini Januari 2003, mjini Kyiv, yeye mwenyewe alitia sahihi mkataba wa mpaka kati ya Urusi na Ukraine. Mambo ya karne ya tisa aliyoyataja kwenye makala aliyajua na siku ile pia. Siku chache kabla ya uvamizi, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliikumbusha New York hoja ileile ya Cairo.

Jambo moja ambalo vitabu vya shule huliruka: historia ya aina hii hupandwa mapema sana. Saddam alipojenga upya Babeli miaka ya 1980, matofali yalipigwa chapa ya jina lake, kama Nebukadneza alivyofanya kwa yake, na vita na Iran aliviita Qadisiya, kwa jina la vita vya karne ya saba ambavyo Waarabu waliwashinda Waajemi. Mussolini mwaka 1934 alibandika ramani nne za marumaru kando ya barabara mpya mjini Roma, zikionyesha dola ya Warumi ikikua. Baada ya kuiteka Ethiopia aliongeza ya tano, ya dola yake. Mpita njia hakuambiwa chochote. Alipita tu kila siku.

Darasani, vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Cha kwanza kipe Kagera: ramani moja yenye mto na mstari wa nyuzi 1, na wanafunzi wapake rangi wenyewe kipande cha katikati. Cha pili kipe dai la Kenya, na usibadilishe mpangilio huo. Ukianza na Kenya, nusu ya darasa itaondoka ikiamini Amin alionewa. Zipo hatari mbili. Ya kwanza, somo kugeuka kuwa kuwasema Waganda, ambao wengi wao walipata tabu kwa Amin kabla ya sisi. Ya pili ni mwanafunzi kuhitimisha kwamba historia yote ni hila. Huyo mrudishe kwenye saini: barua ya 1932, azimio la 1964 na mkataba wa 2003 navyo ni historia, tena ndiyo sehemu ambayo watawala hawa waliiruka.