Shamba hujibu jembe, ziwa je?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Watu wakizidi kuongezeka, chakula kitatosha?" Mimi ni mkausha dagaa wa Katonga, Kigoma, kazi niliyoirithi kwa mama, na nitajibu kwa ninayoyaona hapa.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.1 mkoani kwetu. Ya 2022 ikakuta tunakaribia milioni 2.5. Shambani sina hofu kubwa. Mjomba wangu kule Kasulu analima maharage na mihogo kwenye ekari zilezile za babu, na tangu aanze kutia samadi na kuchagua mbegu anavuna kuliko babu. Mwingereza Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Nadhani hakulitendea haki jembe.

Linaloninyima usingizi ni ziwa. Tanganyika haipaliliwi wala haitiwi samadi. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vikiongezeka na taa za kuwavutia usiku zikiongezeka, dagaa hawaongezeki, tunagawana walewale. Mbalamwezi bado inatupumzisha, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa. Lakini giza likirudi nyavu ni nyingi mno, na zile za matundu madogo zinazoa hata wachanga.

Halafu kuna joto. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470, na rutuba yake nyingi imelala chini. Upepo wa kusi ndio huyakoroga maji ikapanda juu. Sasa maji ya juu yamezidi joto, yamekuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na dagaa wanapungukiwa malisho. Hapo hata mvuvi hodari hana la kufanya.

Kwa hiyo shughuli za uvuvi ziliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, niliunga mkono, ingawa miezi ile mitatu ilitubana kwelikweli. Niliuza vitenge vyangu ili watoto wale. Ninachoomba ni kwamba ziwa likipumzishwa, wavuvi na wakaushaji tupate mikopo mapema ya kufanya shughuli nyingine, kabla akiba haijakauka. Mwenye njaa utamwambiaje asishushe wavu usiku?

Na lipo lililo mikononi mwetu. Masika, dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa mara moja tu, mzigo mzima unaoza. Nimemwaga ndoo kwa ndoo huku nikilia, nikijua kwamba kesho yake chombo kitaingia majini kuvua wengine wa kufidia wale. Tangu nipate vichanja vya waya, dagaa wangu wanapigwa na upepo juu na chini, hawana mchanga, na mvua ikitishia nawafunika turubai hapohapo. Ndoo ileile niliyonunua mwaloni sasa inafika sokoni karibu yote. Majirani zangu wengi wanatamani vichanja kama hivi. Kinachowakwamisha ni bei ya waya na mbao.

Msomaji wenu, Kigoma