Gilbert Arenas: goti kwanza, bastola baadaye
Wengi husema bastola ndizo zilizomwangusha Gilbert Arenas, nyota wa mpira wa kikapu wa Washington Wizards katika ligi ya NBA ya Marekani. Hapana, bastola hazikuanza kumwangusha. Goti ndilo lilianza. Aprili 2007 alichanika gegedu ya goti la kushoto, akarudi mapema mno, na kwa misimu miwili iliyofuata akacheza mechi 15 tu. Huyu ni mtu aliyekuwa na wastani wa pointi 29.3 kwa mechi msimu wa 2005-06! Niliifuatilia Wizards miaka ile, na kasi yake ya kwanza haikurudi tena. Bastola alizoleta chumba cha kubadilishia nguo ni Desemba 2009. Kilichommaliza hapo ni mzaha: aliwanyooshea wenzake vidole kama bunduki kabla ya mechi Philadelphia, na kesho yake David Stern, kamishna wa NBA wakati huo, akamsimamisha. Lakini bado alikuwa anafunga pointi 22 kwa mechi msimu ule, kwa hiyo goti peke yake halitoshi kueleza kuanguka kwake.