Jibu: Mtoto anafumba macho mpira ukimjia

Dada, umeuliza umsaidieje mwanao wa miaka 8 anayefumba macho kila mpira wa besiboli ukimjia. Ule mgumu uweke kando kwanza; una gramu 142 hivi, na ukimgonga pua, hofu itazidi. Chukua wa tenisi, uandike namba kubwa kwa kalamu nzito, umrushie taratibu kwa chini ukiwa hatua 4, naye aitaje namba kabla ya kudaka. Hawezi kuisoma akiwa amefumba.

Mpira wa juu ya kiuno, vidole vielekee juu. Wa chini, vielekee chini. Wengi hukinga viganja kama wapokea sahani, mpira ukateleza hadi kidevuni.

Dakika 15 zatosha. Nendeni ufuoni Nyali alasiri, maji yakishakupwa, pale mchanga ulipo mgumu.