Hesabu picha kabla hujahesabu pesa

Kitabu changu cha kwanza cha zamani nilikinunua Mji Mkongwe, kwenye duka moja la vitu vya kale, tena kwa papara ya mtu mwenye njaa. Kilikuwa In Darkest Africa cha Stanley, msafiri wa Kizungu aliyezunguka Afrika, majuzuu mawili, chapa ya 1890. Jalada zuri, mgongo haujalegea, ndani picha tele. Nililipa, nikakitia mkobani, nikarudi zangu Kikwajuni kwa madaha. Usiku ndipo nilipofunua jalada la nyuma nikakiona kile kijimfuko kilichobandikwa kwa ndani, mahali panapokaa ramani za kukunja. Kitupu. Kitupu kama mfuko wa kanzu yangu jioni ile.

Muuzaji hakunidanganya. Hakusema ramani zimo, na mimi sikuuliza.

Tangu siku ile, kijana yeyote anayenijia akitaka kuanza kukusanya vitabu vya safari na uvumbuzi vyenye picha humwambia jalada aliache kwanza. Nenda kurasa za mwanzo utafute orodha ya picha na ramani. Vitabu vingi vya karne ya 19 vinayo. Weka kidole kwenye orodha, mkono wa pili ugeuze kurasa, hesabu moja baada ya moja. Nusu saa itapita na muuzaji atanuna. Mnunulie kahawa. The Lake Regions of Central Africa cha Burton, msafiri Mwingereza, cha 1860, kina picha 12 za rangi za ukurasa mzima. Ukizipata 11, huna tena kitabu cha bei ile uliyotajiwa. Pitisha pia ukucha kwenye mshono katikati ya kurasa: ukikuta kipande chembamba cha karatasi kimesimama peke yake, kuna ukurasa umekatwa kwa wembe. Mara nyingi picha inayokosekana ni ile nzuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoingia kwenye fremu ikauzwa peke yake. Kama orodha yenyewe imechanika, tovuti ya Internet Archive ina nakala za vitabu vingi vya namna hii. Fungua kwenye simu, ulinganishe pale pale dukani.

Jambo la pili linawauma wengi: cha zamani si lazima kiwe adimu. Livingstone, yule mmisionari msafiri, alipotoa Missionary Travels mwaka 1857, nakala 12,000 za mwanzo ziliagizwa zote kabla hazijatoka, na nyingine zikafuata kwa maelfu. Kwa hiyo mtu akikwambia "hichi kina miaka zaidi ya mia na sitini" huku akipandisha bei, mwitikie kwa heshima, kisha mwulize kuhusu ramani. Adimu hasa ni kama ile albamu ya Guillain, Mfaransa aliyezunguka pwani yetu na merikebu ya Ducouëdic kati ya 1846 na 1848. Picha zake zilichapwa kwa njia ya litografia, yaani kuchora juu ya jiwe na kuchapa kutoka hapo, na watu waliomo wana sura za watu, kila mmoja na yake. Mimi nimeiona kwenye kioo cha kompyuta tu.

Na usinunue kila kitu. Miaka yangu mitatu ya mwanzo nilikuwa nazoa: leo Kongo, kesho Uhabeshi, keshokutwa ncha ya kaskazini, ati kwa kuwa kuna picha ya dubu. Kabati lilijaa, lakini mgeni akiniuliza nakusanya nini sikuwa na jibu. Kilichonipa mwelekeo ni mtu mmoja, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akafika hadi India, akarudi Unguja akiwa huru. Alikuwamo katika safari ya Burton na Speke iliyoondoka Unguja 1857. Akaenda tena na Speke na Grant. Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871, akamwajiri. Cameron naye mwaka 1873 akamchukua, wakavuka bara hadi upande wa Atlantiki. Basi kuna vitabu vinne vya waandishi wanne, waliogombana na kusutana, na mtu wetu mmoja anapita ndani yake vyote: Lake Regions cha 1860, Journal cha Speke cha 1863, How I Found Livingstone cha 1872 na Across Africa cha Cameron cha 1877. Mmoja anamsifu, mwingine anamlalamikia, na ukivisoma kwa kufuatana unaanza kumjua kuliko wanavyomjua wao. Tafuta uzi wako wa namna hiyo. Unaweza kuwa Pemba, majahazi, karafuu, hata nyumba moja tu.

Kuhusu picha zenyewe, nunua lenzi kwa fundi saa. Yangu niliipata Darajani, ya kubana jichoni. Mchongo wa mbao, yaani picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa na kupakwa wino, ukiutizama karibu ni mistari mitupu: kivuli cha shavu ni vistari vilivyosongamana, anga ni vistari vilivyoachana. Ukiona badala yake vitone vimejipanga safu kama matundu ya chandarua, hiyo ni njia iliyoenea mwishoni mwa karne ile, picha ikipitia kwenye kamera. Kitabu kinachojiita cha 1863 chenye vitone hivyo ni chapa ya baadaye. Si dhambi kukinunua, ila kwa bei yake. Zile picha kubwa kwenye fremu wanazouziwa watalii, nyingi zimetoka kwenye magazeti kama The Illustrated London News. Zitizame vizuri, utaona mstari mweupe mwembamba kama unywele ukikata anga na bahari. Ubao mkubwa ulikuwa vipande vidogo vilivyofungwa pamoja, na kila kipande kiliweza kupewa fundi wake achonge. Nyingi ya picha hizo zilichapwa kwa wino mweusi tu. Rangi, ikiwapo, mara nyingi ilitiwa baadaye, na pengine na mtu ambaye bado yu hai.

Hapo ndipo wewe uliyezaliwa hapa unapomshinda tajiri wa London. Msafiri alichora kwa penseli, akapeleka kwao, mchoraji mwingine akaichora upya juu ya ubao, fundi wa tatu akaichonga, na hao wawili huenda hawakuwahi kuona mnazi. Nimewahi kukuta jahazi tanga limejaa upepo upande huu na bendera inapepea upande ule. Nimekuta minazi yenye makuti ya mtende. Yaandike makosa hayo kwenye daftari lako. Mimi yananivutia kuliko picha iliyo sahihi.

Mihuri: kitabu chenye muhuri wa maktaba au wa hifadhi ya nyaraka, bila alama ya kuondolewa rasmi, usikinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Waulize wenyewe kwanza.

Utunzaji ni vita, hasa masika. Kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji kama sifongo, kwa hiyo kabati lisiguse ukuta. Acha nafasi ya kiganja kipite. Usianike kitabu juani, karatasi itakakamaa na jalada litapinda. Selotepu isikaribie kabisa, maana gundi yake hugeuka rangi ya chai na haitoki. Ukiona unga laini umemwagika chini ya rafu, kuna mdudu anakula. Kitie kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, fungia kabisa, kisha weka kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, ama sivyo umande utaingia kwenye karatasi.

Nyumbani utoe taarifa mapema. Mama watoto alifungua friza kutoa pweza, akamkuta Cameron amelala kwenye mfuko. Akaniuliza huyu anapikwa kwa nazi au anakaangwa.