Paka nta, sio asali: jinsi ya kuwavuta nyuki waingie kwenye mzinga mtupu

Habari zenu wadau wa nyuki, hasa nyie wa Dodoma, Singida na huku kwetu Chemba na Kondoa. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili, mzinga nimetundika tangu mwaka jana na hamna hata nyuki mmoja aliyeingia, nifanyeje? Nikimuuliza mtu ulipaka nini ndani, jibu karibu lote ni moja, nilipaka asali, au nilinyunyiza maji ya sukari. Leo nataka niliongelee hili kwa urefu maana linaniuma, watu wanatoa hela zao kununua mizinga halafu inaishia kuwa nyumba ya panya na mijusi, na mwenye mali anakata tamaa anasema nyuki wa Dodoma wamekwisha. Hawajaisha jamani. Wanapita kila mwaka juu ya mizinga hiyohiyo, hawaoni sababu ya kushuka.

Asali ni chakula. Nyuki anayetafuta chakula na nyuki anayetafuta nyumba wako kwenye kazi mbili tofauti kabisa, na ukipaka asali unamwita yule wa kwanza, anakuja, analamba, anarudi kwao, kesho kimekauka na hana haja na wewe tena. Wanaobaki ni sisimizi, na siafu wakishaijua njia ya kupanda kwenye mzinga wako kazi ya kuwatoa ni kubwa, na hakuna kundi la nyuki litakaloingia kwenye mzinga wenye siafu.

Kundi likitaka kuhama linatanguliza wapelelezi, wengine wanawaita maskauti. Hao hawatafuti utamu. Wanatafuta tundu lililo kavu, lenye giza, lenye mlango mdogo wa kulindika, na zaidi ya yote wanatafuta harufu inayowaambia hapa nyuki waliwahi kukaa na wakaishi vizuri. Harufu hiyo iko kwenye nta na kwenye gundi ya nyuki, ile nyeusi inayonata kwenye kuta na kwenye nyufa. Ndo maana gogo la zamani la babu la kufugia nyuki, limechakaa, limepasuka pembeni, linaingiwa kabla ya mzinga wako mpya wa mbao uliochongwa vizuri na fundi. Gogo lina harufu ya nyuki, mzinga wako una harufu ya duka la mbao.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuipa mbao mpya harufu ya gogo la zamani, na hapo vitu ni vitatu tu, nta, gundi, na mchaichai. Tuanze na nta maana ndo yenyewe hasa.

Tafuta nta halisi kwa mtu anayerina, na uombe ile iliyotoka kwenye masega meusi ya zamani, usichague ile ya njano safi kwa sababu inapendeza. Nta nyeusi inanukia zaidi. Ikwangue kwa kucha kisha inuse, nta ya kweli ina harufu ya asali na maua, mshumaa wa dukani hauna kitu, na kuna watu wanachanganya vyote viwili kwa hiyo kuwa makini. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi, kwa hiyo usiiweke moja kwa moja kwenye moto maana inawaka vibaya sana, chukua sufuria ya maji ya moto halafu ndani yake weka kopo la nta. Na kopo hilo liwe la kazi hiyo tu, usichukue chombo cha jikoni kwa mama, nta ikishagandia haitoki.

Kwa mzinga wa viunzi, yaani ule wenye vijiti vya mbao vilivyopangwa juu ambavyo nyuki wananing'iniza masega yao, kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32 (huo ndio wa nyuki wetu, fundi akikupa kipana zaidi masega yatakaa hovyo), unapitisha mstari mwembamba wa nta katikati ya kila kiunzi, mwembamba kweli, upana wa kijiti cha kiberiti. Harufu itavuta, na huo mstari utawaonyesha pa kuanzia kujenga sega ili baadae urine bila kuvunjavunja. Kisha chukua kitambaa kilicholowa nta, sugua kuta za ndani, sugua na mlango, ndani na nje kidogo. Usibandike vipande vya sega zima kwenye mzinga mtupu. Najua wengi wanafanya hivyo wakiamini harufu itakuwa kubwa, ila sega lisilo na nyuki wa kulilinda linaliwa na nondo wa nta, unakuja kukuta utando mweupe na funza mzinga mzima, na wapelelezi wakiona hivyo wanaondoka.

Gundi ya nyuki ukiipata, iponde, isugue kwenye kona na kuzunguka mlango kwa mkono wenye joto. Kidogo inatosha.

Mchaichai sasa. Huu tunao kwenye bustani zetu za nyumbani tunanywea chai, na watu wengi hawajui una kazi gani. Nyuki ana tezi karibu na ncha ya tumbo, mtafiti mmoja wa Urusi anaitwa Nasonov aliielezea miaka ya 1880 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kundi likifika kwenye nyumba mpya utawaona baadhi ya nyuki wamesimama mlangoni, vichwa chini, tumbo limenyanyuliwa juu, mabawa yanapiga bila kuruka, pale wanapeperusha harufu ya kuwaita wenzao njooni ni hapa. Ndani ya harufu hiyo kuna jeranioli na kuna sitrali, na sitrali ndo hiyohiyo inayoupa mchaichai harufu yake. Kwa hiyo unachukua majani machache mabichi, unayafikicha mpaka yatoe maji, unasugua ndani karibu na mlango, halafu majani yenyewe unayatoa. Usijaze mzinga majani yakaoza humo. Na usizidishe, harufu ikiwa kali kupita kiasi haifanani tena na nyuki. Mchaichai peke yake bila nta mimi siuamini sana, unawaita wakija hawakuti dalili ya makazi.

Sasa upepo, hapa ndo watu wengi hawafikirii kabisa. Ndugu zetu Wasandawe wa kule Farkwa na Kwamtoro wana historia ndefu ya upinde na ya asali pia, na mtu wa upinde kitu cha kwanza anachotafuta porini ni upepo umpige usoni, ili harufu yake irudi nyuma na mnyama asimnuse. Sisi wa mizinga tunataka kinyume chake, harufu yetu iende mbele iwafikie. Upepo wetu mkubwa huku kati unatoka upande wa mashariki, na kuanzia Juni mpaka Oktoba unavuma kweli, kila aliyekaa Dodoma anajua vumbi lake. Kwa hiyo angalia nyuki wanapopita, kwenye korongo lenye maji, kwenye migunga inayochanua, kwenye mashamba ya alizeti, halafu tundika mzinga wako upande ambao upepo unapita kwake kwanza ndipo unaenda kwao. Mlango usiuelekeze mashariki unakotoka upepo, vumbi litaingia na harufu itasukumwa ndani badala ya kutoka, uelekeze magharibi au pembeni. Weka kwenye kivuli pia, jua letu likipiga kwenye mbao siku nzima ile nta itadondoka chini na sisimizi watapata njia.

Halafu kuna harufu zinazofukuza, na hizi kwa maoni yangu zinaharibu mizinga mingi kuliko kukosa chambo. Mbao mbichi zilizotoka kupasuliwa, mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, rangi ya mafuta, dizeli. Mzinga mpya uache wazi juani na kwenye upepo wiki kadhaa kabla ya kuupaka kitu chochote, rangi kama ni lazima iwe nje tu. Wazee niliokaa nao huwa wanaufukizia mzinga kwa moshi wa nyasi na majani yanayonukia kabla ya kuutundika, na mimi nafanya hivyo, nawasha nyasi kavu kidogo nababua ndani haraka bila kuunguza, inaondoa harufu ya mbao na inaua mayai ya wadudu. Oili chafu ya kuzuia sisimizi paka kwenye waya wa kutundikia tu, isiguse mzinga. Na kama uko jirani na mashamba ya zabibu kule Hombolo au Mvumi, ujue wakulima wanapiga salfa na dawa nyingine, kaa mbali nao, na hiyo sio kwa ajili ya harufu peke yake, ni kwa uhai wa nyuki wenyewe.

Na wewe mwenyewe una harufu. Usiende kupaka chambo umejipulizia pafyumu, mikono inanuka sabuni ya kufulia au petroli ya pikipiki. Ovaroli iliyochomwa na nyuki wakati wa kurina ifuliwe kabla ya kuivaa tena, maana nyuki akichoma anaacha harufu ya hatari inayofanana na ndizi mbivu na inawaita wenzake waje kushambulia. Hiyo sio harufu ya kupeleka kwenye nyumba unayotaka mtu ahamie.

Muda wa kutundika, usisubiri maua yaishe. Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, na makundi yanagawanyika na kuhama pale chakula kinapokuwa kingi. Mimi nataka mzinga uwe tayari umepakwa kabla migunga haijachanua, na mvua kubwa ikipiga narudi kusugua nta upya pale mlangoni.

Ukiona nyuki wachache wanazunguka mlango, wanaingia, wanatoka, wanatembea kwenye kuta, miguuni hawana chavua, hao ndio wapelelezi. Ondoka hapo. Usifungue, usiongeze chambo, usilete watu waje kupiga picha. Idadi yao ikiongezeka siku hadi siku kaa mkao wa kula, kundi linaweza kushuka mchana wowote. Nyuki wetu wanaondoka kirahisi sana wakisumbuliwa, kwa hiyo hata wakishaingia waache wiki mbili tatu, angalia kwa mbali tu kama wanaingia na chavua, ikiingia chavua ujue malkia anataga na kuna watoto wa kulisha.

La mwisho, mzinga usiutundike karibu na nyumba wala karibu na mahali mnapofunga mbuzi au punda. Nyuki wetu ni wakali, mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia. Na kama unataka kutundika ndani ya msitu wa hifadhi nenda kwanza ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya yako ukaombe kibali, kwenye msitu wa kijiji anzia kwa mwenyekiti na kamati ya mazingira. Mwenye swali kuhusu nta aniandikie hapa chini aseme yuko wilaya gani na mzinga wake ni wa aina gani, nitamjibu.